Kindege cha Sabato

Nyanya yangu mpendwa,

Asubuhi hii ukungu umelala juu ya michai vilevile ulivyouacha, nami nimeketi kwenye kibaraza chako, nusu macho, nusu bado ndotoni. Nimekukumbuka sana.

Unakikumbuka kile kindege chako? Kidogo, cha kijivu, wala hakikuwa na uzuri wa kumtoa mtu nje. Kilitokea kwenye miti ya asili kando ya kijito, kikatua kwenye kijiti na kutulia tuli. Tulipochuma chai na wadudu kuruka, kilichomoka, mdomo ukalia tap! kisha kikarudi kwenye kijiti kilekile. Jumamosi, siku ya Sabato, hakuna aliyegusa chai, nawe hukuvumilia kije kikute shamba tupu. Basi kabla ya kanisa ulipita katikati ya michai na gauni lako jeupe, ukipapasa majani, wadudu wakipaa.

"Nyanya, hii si kazi?" niliuliza.

"Kazi gani? Mimi natembea tu."

Ukafika kanisani umelowa umande hadi kiunoni, ukaimba kuwashinda wote, bila haya hata kidogo.

Wiki iliyopita ile miti ya kando ya kijito ilikuwa ikatwe. Kitinda mimba wako, Amu Ombati, alishaita mtu wa msumeno aje Jumapili, ili apande mikaratusi.

"Hiyo miti ya mama inatupatia nini?" alinifokea. "Hata kuni zake ni moshi tu!"

Tuligombana mpaka ugali ukapoa. Shamba ni lake, ningemfanya nini? Nililia jikoni kwako, sikufichi.

Jumamosi tulipotoka kanisani nikamwomba jambo moja tu, tupitie kwenye michai. Alinung'unika kuhusu viatu vyake, lakini akaja. Ukungu ulikuwa unashuka tena, malori ya kwenda Keroka yakisikika kwa mbali. Kijiti kilikuwa kitupu.

Tap! Mbele ya pua ya Amu kabisa.

Amu akasimama na kitambi chake, mdomo wazi. "Huyu bado yuko?" Sauti ilikuwa ya mtoto. "Mama alikuwa ananibeba mgongoni tukimrushia wadudu."

Hukuwahi kuniambia hilo, Nyanya. Bila shaka si yuleyule, ni mjukuu wake, kama nilivyo mimi kwako. Sikumsahihisha.

Jumapili mtu wa msumeno alifika, akapewa chai na ndizi za kuchemsha, akaambiwa aende salama.

Leo ni Sabato tena. Nilikuwa nafunga viatu niende nikapite mimi, kumbe kuna suti nyeusi tayari kwenye ukungu, inakwenda polepole, mikono ikipapasa majani.

"Amu!" nimemwita. "Tutachelewa kanisa! Unafanya nini huko?"

"Natembea tu," amejibu.

Pumzika, Nyanya. Kindege kimekula.

Mjukuu wako uliyemlea