Halua Baada ya Sindano

KITUO CHA POLISI, IBRA
Maelezo ya shahidi, tarehe 15 Januari 2025

Jina: Shukriya Nadhir Saud. Umri: miaka 24. Kazi: karani wa mapokezi, zahanati ya Daktari Firas. Makazi: Ibra, nyumbani kwa bibi yangu.

Naeleza kwa Kiswahili, si kwa Kiarabu, ili maneno ya bibi yangu yabaki kama alivyoyasema. Penye shaka nitasema ni shaka.

Mwezi wa Disemba Daktari Firas aliniagiza niwapigie simu wazee wenye ugonjwa wa sukari wa familia zilizotoka Afrika, hao tu. Nilimuuliza kwa nini hao. Akasema, "Wewe waite, wanakuamini." Wagonjwa wengine walipewa vidonge na kulipa kama kawaida. Hawa walichomwa sindano bure, kutoka chupa zisizo na jina zilizowekwa kwenye friji ya zahanati, na kila mmoja aliondoka na kopo la halua.

Mnamo tarehe 12 Januari, kiasi cha saa nne asubuhi, nilimpeleka bibi yangu, Mahbouba, mzaliwa wa Kongo. Daktari alimpa kahawa na kumwambia, "Shikamoo, bibi," neno alilojifunza kwangu. Bibi aliitikia marahaba. Kisha akaliona kopo mezani.

"Halua ya nini? Nani kaolewa?"

Nilimfasiria daktari, akacheka. "Zawadi tu. Baada ya sindano."

"Mwambie ale mwenyewe. Na sindano ajichome mwenyewe."

Tuliondoka bila sindano. Garini bibi alinieleza kwamba utotoni mwake daktari wa Kibelgiji aliwapanga watu weusi wa kijiji chao, akawachoma sindano, kisha akawapa chumvi. Hawakuambiwa ni dawa ya nini. Dada yake alipofuka. Nilimwambia hayo ni ya zamani. Akasema, "Nikienda kwa tabibu namlipa mimi. Huyu ananilipa yeye. Ananunua nini?"

Jioni nilikwenda kwa Mzee Obaid, aliyechomwa wiki iliyotangulia. Miguu ilikuwa imevimba, na hakunitambua mpaka nilipotaja jina langu. Nilimwomba mkewe, Bi Tahira, aje kushitaki.

"Tushakula halua yake, mwanangu. Tutamsema vipi mtu tuliyekula chake? Aibu."

Kopo lilikuwa limeoshwa na kuwekwa juu ya kabati. Nyumba nyingine nilizokwenda zilinijibu vivyo hivyo.

Sijui kilichomo chupani. Jana nilimuuliza daktari. Akaniuliza kama bado naipenda kazi yangu.

Sindano ya pili ni kesho asubuhi. Wazee watakuja, kwa sababu aliyewaita ni mimi, na kwa sababu wamekwishakula. Naomba friji ile ifungwe kabla hawajafika.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu. Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi: Shukriya N. Saud

Maelezo ya afisa: Shahidi hakubadilisha neno. Nilikatiza maelezo mara moja, alipotaja halua, nikatoka kumpigia simu mama yangu. Amekiri kuchomwa. Friji imefungwa kwa lakiri jioni hii. Jalada nimemkabidhi mwenzangu, Musallam, kwa kuwa kopo la mama nililifungua mimi, na nilikula.

Afisa Bader Hood