Maneno Kumi Yenye S na T

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Nianze hivyo hivyo.

Tumetoka kliniki. Dada wa matamshi, anayemfundisha Baba kusema upya tangu apigwe na kiharusi Desemba, katupatia kazi ya wiki. Maneno kumi ya Kiingereza yenye S na T ndani yake. Niyatafute mimi, Baba ayarudie, asubuhi na jioni. Nikamuuliza kwa nini Kiingereza, jamani, nyumba yetu ni ya Kiswahili! Akasema ndicho kilichorudi kwanza. Baba kakifundisha miaka thelathini na nne, kimejichimbia kichwani. Kiswahili kitafuata. Au kitachelewa, hakuna ajuaye.

Na mwalimu ndiye mimi! Mimi niliyefeli Kiingereza kwenye darasa la baba yangu mwenyewe. Wanafunzi walimwita Kamusi. Mimi waliniita Jalada — la nje tu, ndani hamna kitu.

Nimepata manne: stone, basket, nest, stool. Nimeyaandika kwenye karatasi kwa chaki ya kushonea. Sketi kumi na mbili za shule bado zinangoja marinda.

Jumanne, 4 Machi

Baba kasema "basket". Wazi kabisa! Mara tatu!

Mama akaja mbio kutoka uani, mikono imejaa povu. Kasema nini? Kasema nini? Mama hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Miezi mitatu hajasikia neno analolielewa kutoka kwa mumewe. Akanigeukia na macho yake yaliyoingia ukungu wa mtoto wa jicho, akawa ananitafuta uso uko wapi. Ningemwambia kikapu?

Nikasema: "Kasema asante, Mama."

Akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Akalia. Eti tangu waoane hajawahi kumwambia asante kwa lolote. Nami nikalia, kwa aibu, yeye akadhani ni furaha.

Jumatano, 5 Machi

Mapya: plaster, mattress. Kamusi ya Baba imejaa alama zake za kalamu nyekundu, kila ukurasa kama nimekosea mimi. Marinda ya sketi mbili tu.

Asubuhi kasema "stool". Kigoda. Mama kauliza. Nikasema anasema umependeza. Mama kaenda kubadilisha kitambaa cha kichwa. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Machi

"Mattress." Godoro! Kalisema akimtazama Mama, au ukuta ulio nyuma ya Mama. Nilikuwa na pini mdomoni, cherehani imekwama uzi, na Mama kanisimamia juu ya kichwa na swali lake. Sikufikiri. Nikasema anasema usiende mbali. Nikarudi kwenye uzi wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejitakia.

Keshokutwa Mama anafanyiwa upasuaji wa jicho. Tarehe hii tumeingoja miezi minane. La kushoto limeshakwenda, na daktari alisema hili la kulia likipita mwezi huu haahidi kitu. Gari la hospitali litampitia nyumbani saa mbili asubuhi. Nguo zake nimezipiga pasi mimi mwenyewe.

Leo kasema haendi. Baba yenu kanisihi kwa kinywa chake nisiende mbali, nami nimwache? Kwa ajili ya jicho?

Halafu nimemsikia uani anafua huku akisema peke yake: matresi. Matresi. Polepole. Kisha kaingia ndani, kamshika Baba bega, kamwambia, "Matresi, mume wangu." Yaani na yeye haendi mbali. Baba kamtazama, kalirudia. Wamekaa hivyo wakitupiana godoro, na Mama anatabasamu! Nikatoka nje. Sikujua nicheke au nijitupe kisimani.

Kaka kapiga simu kutoka kazini kwake, huko mbali. Mama kamweleza yote. Kaka anakijua Kiingereza barabara. Akataka kuongea na mimi: Mzee kasema kwa lugha gani hasa? Nikamwambia mtandao unakatika. Nikakata.

Jumapili, 9 Machi

Nilitaka kumwambia Mama baada ya chakula. Nikashindwa. Nikaenda kwa Baba. Nikambana: sema nenda. Nen-da. Neno moja tu la Kiswahili, Baba, uniokoe! Akafungua mdomo, jasho likamtoka. "Nest." Kiota.

Nikampigia kelele. Baba yangu, mgonjwa! Machozi yalimtoka jicho moja, upande mmoja wa uso unalia na mwingine umetulia. Nilimpangusa kwa kipande cha sketi. Mimi ni mtu gani?

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia.

Gari liko nje. Dereva kanywea chai yake humo humo ndani ya gari. Nilipiga magoti nikatoa yote. Kikapu, kigoda, godoro. Mama hakunigombeza. Afadhali angenizaba kofi.

Akauliza, "Na ile asante?"

"Kikapu, Mama."

Akatikisa kichwa. "Miaka arobaini nangoja asante, naletewa kikapu." Karibu acheke. Kisha akapapasa kifundo cha mfuko wake wa safari. "Basi nipe moja," akasema. "Katika siku zote hizi, moja tu lililokuwa lake kweli, si la kutajiwa na wewe. Huko watanifunga macho, nilale nalo. Ukinipa hilo, naingia garini sasa hivi."

Nikasema nakuja, namtafutia shali. Shali ninayo mkononi. Naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya cherehani. Lipo lipi? Yote nilimtafunia mimi, yeye akameza. Nikisema halipo, haendi. Nikitunga jingine — siwezi tena. Kweli siwezi.

Honi.

Baba kaanza kusema, hajaulizwa na mtu. Neno moja, mara mbili, mara tatu, refu, analivuta kwa nguvu zake zote. Lina S. Lina T, nadhani. Halimo kwenye karatasi yangu. Sikumpa mimi. Na silijui!

Mama kamgeuzia sikio. Sasa ananiita. Mwanangu, hilo je? Hilo ni nini?