Kitufe cha Pradatsch

Basel, 3 Septemba

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje baada ya kukata nyasi? Na yule ng'ombe wako Brüna, bado anapiga ndoo mateke? Nasikia Flurin, dereva wa garimoshi, amestaafu. Nani atakupigia honi sasa?

Sisi wazima, tena nina furaha hadi najiogopa. Wiki ya tano tangu ndoa, na bado nikisikia ufunguo wa Urs mlangoni moyo unaruka kama mwanambuzi. Kila asubuhi ananiletea kahawa kitandani, halafu anaimwaga. Ungemcheka!

Najua hukuja harusini kwa sababu yeye ni mtu wa Basel, hajui lugha yetu wala kukamua. Ulisema, "Anayeolewa mjini asirudi kuomba maziwa." Sijasahau.

Sasa sikiliza. Kazi inanipeleka Milano, kwenye maonyesho ya vitambaa. Yakiisha, Urs atanifuata, na Jumamosi tarehe kumi na sita tutapanda lile garimoshi jekundu kutoka Tirano, tuvuke mlima, tulale Pontresina, nyumba ya wageni ya pale stesheni, usiku mmoja tu. Saa tisa alasiri tutapita Pradatsch, mlangoni kwako.

Hapo garimoshi halisimami mpaka mtu aombe. Sisi hatutabonyeza kitufe cha ndani. Simleti mume wangu kwako kwa nguvu. Ukitutaka, bonyeza wewe, pale stesheni. Likipita, nitakuwa nimejibiwa, na sitauliza tena.

Mwanao,
Madlaina

*

Pradatsch, 8 Septemba

Madlaina,

Goti linauma. Brüna amezaa. Mvua.

Watu wa Basel wanavaa viatu gani? Njia ina matope.

Nyama ya kukausha ipo, ya mwaka jana. Sisemi nimemwekea nani.

Baba yako

*

Milano, 12 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo, na hongera kwa ndama! Urs amenisomea barua yako kwenye simu, herufi kwa herufi, nami nikamfasiria. Umeuliza viatu! Amenunua vya mlimani, anavivaa sebuleni vilainike, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Tena anajifunza kukusalimu kwa lugha yetu. Anasikika kama aliyekwamwa na mfupa, lakini ni mfupa mtamu, Baba, nakuapia.

Ila hukusema kama utabonyeza. Urs anasema, "Nyama ndiyo jibu lenyewe." Namwambia, "Humjui Duri, baba yangu. Nyama anampa hata mtu wa kodi."

Naogopa. Jumamosi naitaka na siitaki.

Mwanao

*

Pontresina, Jumamosi, 16 Septemba

Baba,

Leo sikuulizi goti, maana nimeliona likisimama sawasawa.

Tulikuwa dirishani tangu tulipouacha mlima. Nikaiona kofia yako ya Jumapili, nikapiga kelele, "Amekuja!" Urs akaanza kushusha mizigo. Ulikuwa umesimama wima, mkono juu. Na garimoshi halikupunguza hata mwendo.

Urs alitaka kubonyeza. Nikamshika mkono, niliahidi. Ungebaki nyumbani tu, Baba. Kwa nini uvae vizuri hivyo kuja kututazama tukipita?

Urs bado amevaa vile viatu. Hataki kuvivua.

Madlaina

*

Pradatsch, Jumamosi hiyohiyo

Madlaina, mwanangu,

Mko salama? Mimi si mzima.

Nilisimama kama nilivyosimama maisha yangu yote. Flurin akiiona kofia yangu, anafunga breki. Nani alimbonyezea Flurin kitufe? Huyu kijana mpya kanipungia mkono! Kapita! Nimekuona umeshika kioo.

Barla jirani alikuwa akianua nguo. Kanambia, "Duri we, hicho kitufe ulidhani ni pambo?" Nimemtukana. Kisha nimebonyeza.

Garimoshi lijalo likisimama, nampa kondakta karatasi hii aifikishe kwenye nyumba ya wageni. Akisema, "Panda, mzee," nitamwambia sipandi, nina wageni.

La kurudi huku linaondoka kwenu leo saa kumi na moja jioni. Supu ya shayiri iko jikoni. Nyama nimeikata, ni nyingi, nimekosea kipimo.

Ninyi bonyezeni ndani, mimi nabonyeza huku. Naye mkwe abonyeze, asiogope. Avae vile viatu.

Kitufe hiki bado sikiamini. Sitoi kidole mpaka niwaone.

Baba yenu