Butiama Ina Mashine Mpya

Kaka Masatu,

Mashine yako ya Butiama imekufa. Nimeona nikuambie mwenyewe, maana najua ungenuna kusikia kwa wengine.

Radi ilipiga jirani na ofisi yetu hapa Mukendo, zinapokaa zote mbili, ikaiunguza hiyo inayopitisha mafaili ya kituo cha afya cha Butiama. Ile ya Bunda ikapona. Kwa jinsi ulivyozifunga zisaidiane, iliyobaki ikabeba mzigo wote, mafaili ya wagonjwa wa vituo vyote viwili, kwenye laini yetu ile ile nyembamba ya intaneti. Haikuzima, ila ilichoka. Nesi wa Butiama akanipigia: "Dada, mbona siku hizi mafaili yanachelewaga hivi?" Nikamjibu kwa ukali. Wewe ungemtania kwanza, akacheka, ndipo umweleze.

Na mimi nimechoka, kaka. Tangu tukuzike nafanya kazi yangu na yako, leo Bunda, kesho Butiama. Bosi ameleta fundi mpya, Baraka, baba wa watoto, mpole tu, akataka apewe Butiama. Nikakataa. Nilisema hajaijua kazi yetu. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu mwingine akalie kile kiti chako kibovu kule kituoni, anywe chai ya yule mama uliyekuwa unamsifia hadi chai yangu nikaionea aibu.

Mashine mpya ilipofika, nikaipanga vibaya. Niliionea huruma ile ya Bunda, nikaamuru zipokezane: faili hili huku, linalofuata kule, bila kujali limetoka wapi. Nilidhani ndiyo haki. Mambo yakazidi kuwa mazito. Nikakaa nakuwaza, ndipo nikakusikia kama umesimama nyuma yangu, mdomo umejaa chapati: "Bunda inapitaga hapa, Butiama inapitaga pale. Usizichanganye. Mashine inasaidiaga mtu iliyemzoea."

Kumbe nilikuwa nimesahau kitu cha kwanza kabisa ulichonifundisha. Mashine zile hukumbuka kilichokwisha kupita. Faili likija tena, hutuma kilichobadilika tu. Mimi nilikuwa naipa kila moja kumbukumbu nusu nusu.

Basi nikairudishia ile mpya Butiama yote. Mwanzoni ilitambaa, maana ilikuja tupu, haikumbuki chochote. Kesho yake ikachangamka. Sasa nesi ananipigia kunisalimia tu. Nilifurahi, halafu nikalia pale pale mbele ya feni. Iliniuma kwamba Butiama imezoea haraka vile. Nilitaka ikusubiri. Nakusubiri mimi, kwa nini yenyewe isisubiri?

Unajua, siku ya kuanua tanga kwenu, ndugu zako walipokuwa wakigawana vitu vyako, baba yako aliniita mimi nisiye ndugu. Akanipa koleo yako ya kubania nyaya. Alisema, "Huyu ndiye alikuwaga naye mchana kutwa." Sijaitumia. Inazunguka nami kwenye mkoba, mpini bado una ile plasta yako ya bluu. Nikikukumbuka sana naishika tu, hata nikiwa sokoni nachagua sato, watu wananishangaa.

Jumatatu Baraka anaenda Butiama. Nimemkubalia. Ile mashine tupu ndiyo iliyonishinda, kaka: ilikuja haijui kitu, ikapewa Butiama yote, ikazoea. Sina cha kubisha tena. Hana koleo nzuri, kwa hiyo nitampa yako. Nitamwonyesha na kwa yule mama wa chai. Akikwama mwanzoni nitamvumilia, na ninakuahidi sitampigia simu kila saa. Ukisikia nimempigia, ujue nimejitahidi.

Pumzika sasa. Bunda nitaishika mimi, na Butiama itakuwa na mtu wake.

Kiti tu ndicho kilichonishinda. Nimemwambia Baraka akaombe kingine.

Mdogo wako wa kazini,
Nyangeta