Mahindi ya Chemchemi ya Mama

Furnas, Julai

Dada yangu mpenzi Leocádia,

Pokea salamu zangu huko Kanada, wewe, shemeji na wajukuu wote. Magoti yanaendeleaje? Huku tu wazima, namshukuru Roho Mtakatifu, ila jogoo amekufa na hakuna aliyemlilia.

Barua yako imefika. Unasema umekata tiketi ya Agosti, na kwamba hutaki karamu wala zawadi, unataka tu mahindi yaliyochemshwa kwenye chemchemi ya maji moto ya Mama nyuma ya nyumba. Nilianza kuisoma nimesimama, ikabidi niketi. Nilimwona Mama na gunia lake la mahindi na kamba, anatufokea tusisogee ukingoni, na sisi tunagombea hindi la kwanza likiwa bado linanuka kiberiti. Unakumbuka alivyokuwa akisema mahindi ya jikoni ni ya wagonjwa?

Kwanza nikupe habari za Natércia, maana nisipomsifu mwanangu nani atamsifu? Yuko maabara, mjini Ponta Delgada, koti jeupe, jina limeshonwa kifuani. Kazi yake ni vijidudu vinavyoishi kwenye maji yanayochemka. Ndiyo, vinaishi! Wewe ukitia kidole umekipoteza, vyenyewe vinastarehe. Vina vimeng'enya vyao vya kusagia chakula, na viwanda vinavitaka kwa sababu moto hauviharibu. Alipokuwa mwanafunzi alichota matope ya chemchemi yetu kwa chupa yangu ya kahawa. Nilimgombeza mpaka koo likakauka. Basi, katika matope hayo akapata kijidudu kinachogeuza wanga kuwa sukari kwenye joto la kupikia! Nikamwambia hakuna ajabu, kimekula mahindi ya Mama maisha yake yote, kingeacha vipi kujifunza? Akacheka, akasema, “Mama, tafadhali, usiyaseme hayo mbele ya profesa wangu.” Nimeshayasema. Profesa alicheka, akaomba kipande kingine cha mkate wangu.

Sasa dada, keti na wewe.

Mwezi uliopita ardhi ilitikisika kidogo. Vikombe vikagongana kabatini, tukafanya ishara ya msalaba, tukarudi kulala. Mvuke ulipopungua nikasema ni upepo. Jumapili nilichuma mahindi ya kwanza, nikaita majirani, nikatumbukiza gunia, nikajisifu kama unavyonijua. Niliwaambia wanaokula hotelini wanadanganywa, waje waonje mahindi ya kweli. Tulipolivuta gunia, Urbana, yule jirani wa ng'ambo ya barabara, akauma hindi, akatema. “We Zulmira, mahindi haya ulikuwa unayapika au unayaogesha?” Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao. Kisha nikatia mkono majini, Leocádia. Mkono mzima, nikauacha humo. Urbana akaja akanifuta kwa aproni yake.

Chemchemi ya Mama imepoa. Natércia anasema maji ya moto yamepata njia nyingine huko chini, na kama yatarudi hakuna ajuaye.

Aliponiona sili, alinipeleka kazini kwake. Akafungua kabati lenye joto kama tanuri. Ndani mna chupa za maji yenye ukungu. “Hawa ndio wa nyumbani, Mama.” Ni wale vijidudu wa chemchemi yetu, walichotwa kabla maji hayajapoa, na tangu hapo wanazaana humo. Nikauliza wanakula nini. Akasema wanga wa dukani. Wa dukani! Kesho yake nilipanda basi na unga wa mahindi yetu ya manjano. Natércia alilalamika, nikamkazia macho, akatia kidogo kwenye chupa moja isiyo ya kazi. Jioni akanipigia simu: “Mama, uji wote umekuwa maji. Wameula.” Nililia nimeshika simu, naye hakukata.

Kwa hiyo ulichokiomba sina, na naogopa utairudisha tiketi. Usiirudishe, dada yangu. Nitayachemsha jikoni, tule kama wagonjwa wawili, halafu twende tukawatazame. Natércia anasema mama mkubwa atatia unga kwa mkono wake mwenyewe. Na hindi la kwanza ni lako, safari hii sigombei.

Urbana anakusalimu, na kasisi, na magimbi yako yamestawi kando ya mto. Umbusu shemeji kwa niaba yangu, ila ndevu anyoe kwanza.

Mdogo wako anayekungoja,
Zulmira