Mtori Uliouonja Kwanza Wewe

Mama Manka, mke wangu,

Nina miaka themanini na miwili. Nimeona mibuni ya baba ikikatwa, nimeona chama kimoja kikiwa vyama vingi, na meno yangu yote yamenitangulia. Na wewe umenitangulia, jambo ambalo silipendi mpaka leo. Herufi zangu unazijua, zinatembea kama kuku. Lakini naandika mwenyewe. Sijawahi kusemewa.

Huku kijijini bado wananisifu: mzee yule alifungwa kwa ajili ya bendera na hakumtaja mtu. Ni kweli. Mti ule wa mgrivea mpakani mwa shamba niliukwea mimi mpaka kileleni na bendera ya upinzani mdomoni. Nani mwingine angeukwea kwa umri ule wa mvi?

Polisi waliponiweka mahabusu Moshi mjini walitaka kitu kimoja tu, majina ya wenzangu waliokaa kwetu kupanga mkutano. Walinipiga. Nikawaambia mimi baridi ya mlima imenipiga tangu nizaliwe. Kipigo hakikunitisha. Kilichokuwa kinanila ni chuki. Nilikuwa nawaza kumnyonga askari Masanja tu, yule kijana aliyemwaga chakula chako siku ya kwanza, mbele yako, eti huenda kina sumu.

Kesho yake ukateremka tena, na sufuria ya mtori kichwani, supu yetu ya ndizi, na ile kata yetu ya kunywea mbege, pombe ya ndizi. Nikapiga kelele nyuma ya nondo: "Mama Manka, usimpe mbwa huyo!"

Ukachota, ukaonja kwanza mbele yake, kama mwenye mbege anavyoonja kwetu ili mgeni ajue iko salama. Ukamkabidhi kata kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Umesimama hapo tangu asubuhi."

"Mama, mimi ndiye niliyemwaga jana."

"Si nilikuona! Leo usimwage, shingo inaniuma."

Akacheka. Akanywa. Kata ile ile akaniletea, nami nikageuza uso ukutani. Ndipo ukanipigia kelele wewe: "Baba Manka, kama huwezi tena kunywa na mtu, watanirudishia nini nyumbani? Gogo?"

Nikanywa. Nikasema chumvi ni kidogo. Neno hilo sijalifuta.

Tangu hapo akawa ananiamkia, "Shikamoo mzee," nami naitika marahaba kwa sauti, mahabusu wote wasikie. Walionipiga waliporudi na maswali yao hawakunipata. Mwenye hasira ndiye wanayemchokoza mpaka aropoke. Mimi walinikuta nimeshiba. Wakachoka wao, wakaniachia.

Nilirudi mgongo umepinda, lakini nilicheka na watoto, na hata jirani aliyenichongea nilimkaribisha mbege. Asante, Mama Manka. Ushujaa ulikuwa wangu, siugawi. Ila yule mtu aliyerudi nyumbani, huyo ulimpika wewe.

Anayebisha ateremke sokoni Pasua, Moshi mjini, akamuulize Masanja. Aliacha uaskari, anauza vitunguu. Siku tulipokuzika alipanda mlima na sufuria ya mtori. Akachota, akaonja kwanza mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili.

Chumvi ilikuwa kidogo. Safari hii sikusema kitu, nikanywa wote.

Mimi mumeo, niliye bado mbishi,
Baba Manka