Ile Amplifaya Iliyongoja Salamu Maria

Mwaka umetimia, Floribert Mwenze, tangu ututoke mle kambini kwa wakimbizi, ndani ya hema lililovuja, wewe uliyezoea kutengeneza kila kilichoharibika cha wenzako. Uchungu bado tunao, na hatutaufunika kwa maneno matamu.

Ulikuwa fundi wa redio katika mtaa wa Kenya, hapa Elisabethville. Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa yeyote aliyegusa vifungo vyako bila ruhusa. Nguo zako zilinuka moshi wa kulehemu hata siku ya Pasaka. Ile amplifaya, mashine ya kukuza sauti, uliiunda kwa mikono yako, ikapigia arusi na kwaya ya parokia, ikatulisha sote. Ndicho kitu pekee ulichotuachia.

Lampe zake, vile vioo vyenye waya ndani, zilitaka kupata moto kwanza kabla ya kutoa sauti. Ukatuzoeza kusali Salamu Maria moja tukizingoja, huku umeweka kiganja juu ya sanduku kama mtu anayempima mtoto homa. Mkeo Clotilde alikucheka. "Weye unasalisha hata mashini," alisema.

Transista, zisizotumia lampe, zilipoingia mjini, vijana walikuambia umepitwa na wakati. Hukukasirika. "Transistor iko nyepesi, haina moto, na sauti yake iko safi," uliwajibu. "Lakini uisukume kupita nguvu yake, utaona. Inakata sauti kama na mukasi. Lampe nayo inachafua, musidanganyike. Ila yenyewe inainamisha sauti pole pole, inakuwa nzito, inakuwa tamu." Clotilde alisikiliza kwa sikio moja, akichambua majani ya sombe. Sikio hilo moja lilitosha.

Kisha wakaanza kutufukuza sisi Baluba nyumba kwa nyumba, watu tuliokula nao na kuzikana nao. Tukakimbilia kambini, kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Transista ungeibeba kwapani. Ile yako, kwa vyuma vyake, ilitaka wanaume wawili. Ukaiacha kwa Anaclet mwenye baa, rafiki yako wa siku nyingi, baba wa ubatizo wa binti yako Delphine.

Ulipotoroka kambini kwenda kuichukua, Anaclet alikujibu amesimama mlangoni. Hata kiti hakukupa, akasema askari wameibeba. "Basoda balibebaka yote, mon vieux. Hata sahani habakuacha." Ulirudi mikono mitupu, na la kutuumiza zaidi, ulirudi ukimhurumia. Ulituambia tumwombee, naye kaibiwa. Baada ya hapo ukawa mtu wa kutazama chini tu, na kuhara damu kulipokushika hukushindana nako.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kambi ilipovunjwa tulirudi mtaani Kenya, kwa dada yako Régine. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Clotilde alikuwa akipita mbele ya baa ya Anaclet, ameshika mkono wa Delphine, umeme ukakatika. Muziki ukanyamaza. Taa zilipowaka tena, watu walishangilia, lakini muziki haukurudi. Clotilde akajikuta midomo inasali yenyewe. Alipofika "sasa na saa ya kufa kwetu", gita likaanza kusikika, mbali kwanza, halafu karibu.

Aliingia. Sanduku lilikuwa limevikwa kitambaa kipya chekundu.

"Ile njo ampli ya bwana yangu," alisema.

"Hapana, Mama Delphine. Ile iko transistor, inatoka Bruxelles," Anaclet alijibu bila kumtazama. "Ya bwana yako basoda balibebaka."

"Kama iko transistor, juu ya nini ilingoya?"

Wanywaji waligeuka, maana transista haingoji kupata moto. Anaclet alizungusha kifungo ili muziki ummeze mama wa watu. Akakizungusha hadi mwisho. Sasa Clotilde alisikia kile ulichowaambia vijana. Transista ingekwaruza, ingekata. Hii haikukata. Sauti iliinama, ikawa nzito, ikawa tamu, kama ilivyokuwa kwenye arusi yake mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi. Alilia pale pale mbele ya chupa zao, wala hakuna mmoja aliyeinuka, ingawa nusu yao walicheza ngoma kwa amplifaya hiyo hiyo, nawe umesimama kando yake.

Tulikwenda kwa mkuu wa mtaa. Alituuliza kwanza sisi ni watu wa kabila gani. Hatukuendelea.

Pumzika, Floribert. Ulitufundisha kutengeneza, lakini hili hatujui litengenezwe vipi. Gérard, mwanao, ameanza kusikiliza mashine kwa kuinamisha kichwa kama wewe, na Clotilde akimwona hutoka nje kidogo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Clotilde, watoto wako Delphine na Gérard, dada yako Régine, na shemeji yako Mukuka. Jina la Anaclet halimo. Kama naye anadai kukukumbuka, Misa yako ni Jumapili hii. Aje, na aje na amplifaya yako. Tunajua ni nzito. Tutatoka mlangoni tumsaidie kuibeba, na kabla haijatoa sauti tutasali naye ile Salamu Maria moja, tuone kama ataweza kuimaliza.

Baba Delphine, daima tutakukumbuka. Masikio yetu nayo hayajasahau.